Mali Bila Daftari: Picha za Usiku wa Muziki na Sinema

Wahenga wetu walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Bila shaka walikuwa wakiwausia wafanyabiashara, lakini usia huo unatufaa zaidi sisi watu wa Visiwani tunapozitazama zile mali zetu zisizopimwa kwa pishi wala kwa frasila. Miongoni mwa mali hizo ni nyakati za usiku ambapo wanamuziki wetu huketi jukwaani wakapiga na kuimba kwa pumzi zao wenyewe, bila ya kufuatiza kanda iliyokwisha rekodiwa, na vijana wetu wakaonyesha filamu fupi walizozitengeneza kwa jasho lao. Usiku wa namna hiyo huanza baada ya isha na kabla ya alfajiri umekwisha. Kunapokucha viti vimeondolewa, nyaya zimekunjwa na pazia la sinema limeteremshwa. Kinachobaki ni picha, kama yuko aliyezipiga. Na kama zimepigwa, hubaki suali: ziko wapi, na ni nani anayejua zinamwonyesha nani?

Leo tunapenda kulizungumza suali hilo kwa urefu kidogo, kwani linawahusu wananchi wote wanaohudhuria maonyesho hayo, na linawahusu zaidi viongozi waliokabidhiwa dhamana ya kuhifadhi utamaduni wetu. Hatukusudii kumlaumu mtu. Tunakusudia kuonyesha kwamba kupiga picha usiku wa muziki na sinema ni kazi ya kuandika tarikh, na kwamba tarikh hiyo hivi sasa inaandikwa na mikono mingi lakini haina kabati la kuiwekea.

MSANII ANAYEJITEGEMEA

Kwanza tuelewane juu ya wasanii tunaowasema. Wako wanamuziki ambao nyuma yao kuna kampuni inayowalipia studio, mabango na wapiga picha. Hao si wengi hapa kwetu. Walio wengi ni wale wanaojitegemea. Nadi Ikhwan Safaa, iliyoasisiwa mwaka 1905, ilisimama na kuendelea kwa umoja wa wanachama wake, si kwa fedha za kampuni. Culture Musical Club ilizaliwa mwaka 1958 na mpaka leo jina lake ni fahari ya Visiwa. Mwaka 2002 kilianzishwa chuo cha muziki cha nchi za jahazi, ambacho wengi wanakijua kwa herufi zake za DCMA, na vijana waliopita mle wameunda vikundi vyao wenyewe, kama Siti and the Band, wakichanganya udi na fidla na magitaa ya kisasa. Mwaka 2009 wanawake waliunda Tausi, kikundi cha taarab ambacho wapigaji wake wa ala, si waimbaji pekee, ni wanawake.

Kwa upande wa sinema hali ni hiyo hiyo. Filamu fupi ni ile ambayo kwa kawaida haizidi dakika 40, na nyingi hazifiki hata nusu ya hizo. Mtengenezaji wake mara nyingi ndiye aliyeandika hadithi, ndiye aliyeshika kamera na ndiye aliyekaa usiku kucha mbele ya kompyuta akiunganisha vipande. Waigizaji ni jirani zake, mavazi yametoka katika makabati ya mama zake na shangazi zake, na gharama zimetoka mfukoni mwake.

Kwa watu kama hao picha si pambo. Picha ndiyo barua yao ya utambulisho. Mwandaaji wa tamasha la ng'ambo anapotaka kukialika kikundi huomba nyimbo na picha kwa pamoja. Gazeti linapotaka kuandika habari za filamu ya kijana wa Chake Chake huuliza kama ipo picha yake. Asiyekuwa nayo huachwa nyuma, si kwa uchache wa kipaji bali kwa kukosa ushahidi kwamba alikuwapo na alifanya.

NGOME NA WAGENI WAKE

Mahali ambapo nyakati hizi huonekana kwa ukamilifu wake ni Ngome Kongwe, Forodhani. Ngome hiyo ilijengwa na Waarabu wa Oman mwishoni mwa karne ya 17, baada ya Wareno kuondoshwa. Imekuwa boma la askari, imekuwa gereza, na baada ya Vita Kuu ya Pili ikawa klabu ya wanawake. Leo ndani ya kuta zile zile kuna jukwaa na ngazi za kukalia watazamaji, na juu hakuna dari ila mbingu.

Humo ndimo yanamofanyika matamasha makubwa mawili yaliyoipa sifa Zanzibar. La kwanza ni Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar, maarufu kwa jina la ZIFF, lililoasisiwa mwaka 1997, ambalo tuzo yake kuu ni Jahazi la Dhahabu. Tangu mwanzo tamasha hilo liliuchanganya usiku wa sinema na usiku wa muziki, na likafika hadi mashamba ya Unguja na Pemba kuwaonyesha wanavijiji filamu. La pili ni Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004 na ambalo kwa kawaida hufanyika mwezi wa Februari. Sharti lake linajulikana: anayepanda jukwaani lazima apige na aimbe kweli, asijifanye anaimba huku kanda inazunguka.

Tusidhani kuwa mambo haya ni ya kudumu kwa kuwa tumeyazoea. Mwaka 2016 Sauti za Busara halikufanyika kwa sababu ya ukosefu wa fedha. Kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 kisiwa cha Unguja kilikosa umeme kutoka Bara, na tamasha la Februari 2010 lilifanyika humo humo katika siku za majenereta. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jirani wa karibu kabisa wa Ngome, iliporomoka. Jumba lililosimama tangu 1883 lilivunjika katika kitambo kidogo mchana kweupe. Aliyewahi kulipiga picha siku yoyote kabla ya hapo, hata kama lengo lake lilikuwa ni kumpiga mwimbaji aliyesimama mbele yake, leo ana kitu ambacho mafundi na wanatarikh wanakihitaji.

Hata majumba ya sinema yanatufundisha hayo. Royal Cinema ya Vuga ilifunguliwa mwaka 1921, ikaungua moto mwaka 1954, na mwaka uliofuata ikajengwa upya kwa jina la Majestic. Wazee wetu wanakumbuka foleni za Sikukuu na mavazi ya waliopanga foleni hizo. Wajukuu wao watayakumbuka kwa kitu gani kama si picha?

KUPIGA PICHA GIZANI

Watu wengi hudhani kwamba mpiga picha ni mtu wa kubonyeza kidude tu. Anayedhani hivyo na ajaribu kupiga picha ndani ya Ngome saa tatu za usiku. Mwanga ni mdogo, na huo mdogo wenyewe haukai mahali pamoja. Taa za jukwaa hugeuka kutoka nyekundu kuwa buluu kabla kamera haijafanya hesabu zake. Taa nyingi za siku hizi za LED hupepesa kwa kasi isiyoonekana kwa macho, lakini kamera huiona. Umeme wetu huzunguka mara 50 kwa sekunde, hivyo taa zinazoufuata hupepesa mara 100, na mpiga picha asiyeoanisha muda wa kamera yake na mzunguko huo hujikuta na picha zenye michirizi ya giza na mwanga. Anayeijua kazi huchagua sehemu ya 50 au ya 100 ya sekunde, akasalimika.

Kisha kuna muziki wenyewe. Mpiga picha wa taarab lazima awe msikilizaji kabla ya kuwa mpiga picha. Anapaswa kujua kwamba bashraf, ule muziki wa ala tupu wa kufungulia, ndiyo saa ya kuipiga okestra yote, wakati mikono ya wapiga fidla inapopanda na kushuka kwa pamoja. Anapaswa kujua kwamba mpiga udi au kanuni anapoachiwa peke yake na wenziwe wakanyamaza, mlio wa kamera husikika kama kikohozi msikitini, na hapo ni afadhali picha ikose kupigwa kuliko muziki kuharibiwa. Katika kidumbak mambo ni mengine. Pale kuna sese, vidumbak viwili, cherewa, mkwasa na sanduku, na wachezaji hawatulii. Muda wa kamera wa sehemu ya 50 ya sekunde utampa mpiga picha wingu badala ya mtu. Hana budi kuipa kamera muda mfupi zaidi, afungue tundu la lenzi mpaka mwisho na akubali chembechembe zitakazoonekana katika picha, kwani picha yenye chembe na yenye uhai ni bora kuliko picha safi ya mtu aliyekaa kama sanamu.

Sinema ina sheria zake. Pazia linang'aa mara nyingi zaidi kuliko nyuso za watazamaji, na kamera haiwezi kuvipata vyote viwili kwa kipimo kimoja. Ukilipimia pazia, watu huwa giza. Ukiwapimia watu, pazia huwa shuka nyeupe. Wapiga picha hodari huligeuzia pazia kisogo. Huwangojea watazamaji mpaka ifike pahali pa kucheka au pa kushtuka, wakazipiga nyuso zilizomulikwa na mwanga wa filamu yenyewe. Picha ya mtoto aliyefungua kinywa mbele ya pazia, na nyuma yake bibi aliyejifunika kanga akijizuia asicheke, hueleza habari za filamu ile kuliko picha kumi za pazia. Tena kulipiga pazia lenyewe ovyo ovyo ni kumwibia mwenye filamu, ambaye kazi yake haijafika hata sokoni. Anayetaka picha ya filamu na amwendee mwenyewe, naye atampa.

Na kuhusu taa ya flashi tusiumeumane maneno: katika usiku wa namna hii haina nafasi. Flashi moja hufuta giza ambalo mwenye filamu amelijenga kwa dakika kumi, humpofua mwimbaji na huwaudhi watu 1,000 kwa faida ya mtu mmoja. Simu za mkononi nazo zimezidisha maradhi haya. Tunawaomba waandaaji walitangaze jambo hilo kabla ya kuanza, kwa adabu lakini kwa uwazi.

HESHIMA YA MTAZAMAJI

Liko jambo jingine ambalo wageni wengi hawalijui na baadhi ya wenyeji hujifanya hawalijui. Katika taarab watazamaji ni sehemu ya maonyesho. Mwanamke huinuka kitini pake, akatembea taratibu mpaka mbele akiwa na noti vidoleni, akamtunza mwimbaji katika ubeti aliouchagua yeye. Wakati mwingine ubeti huo una ujumbe, na mwenye kufikishiwa ujumbe yumo humo humo ukumbini. Kwa mpiga picha hiyo ni saa nzuri kupita zote. Kwa mwanamke yule ni jambo lake na watu wake.

Je, ana ruhusa ya kumpiga picha? Jawabu letu ni kwamba aliye jukwaani amejitokeza kwa watu wote, lakini aliye kitini hakujitokeza kwa ulimwengu. Alikuja kustarehe na shoga zake. Picha yake ikienda kubandikwa katika kijitabu cha hoteli au ikasambazwa katika simu za watu wasiomjua, amevunjiwa heshima yake. Mila zetu zina njia ya kulimaliza jambo hili, nayo ni kuomba. Mpiga picha aliyelelewa hapa hujua kuonyesha kamera yake kwa mbali na kuuliza kwa macho. Akiona mtandio umevutwa au mkono umeinuliwa, hushusha kamera na kuinamisha kichwa. Hakuna sheria iliyomfundisha hayo. Yamemfundisha malezi. Ndiyo maana tunasema kwamba nyakati hizi zinahitaji wapiga picha wetu wenyewe, si kwa kuwachukia wageni, bali kwa kuwa macho ya mwenyeji huona mpaka usioandikwa.

YALIYOBAKI NA YALIYOPOTEA

Visiwa hivi si vigeni wa kamera. A. C. Gomes alikuwa na studio yake hapa tangu karne ya 19, na picha zake za Mji Mkongwe zimeenea duniani hadi leo. Ranchhod Oza, aliyewahi kufanya kazi katika studio ya Gomes, alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, akaendelea kupiga picha za wakubwa na wadogo, za harusi na za bandarini. Watu waliokwenda kwake kupiga picha ya kumbukumbu hawakujua kuwa walikuwa wakiiandikia nchi yao tarikh.

Lakini hebu tuangalie upande wa muziki. Mwaka 1928 Siti binti Saad alikwenda Bombay kurekodi sahani za santuri, na kwa ajili ya sahani hizo sauti yake tunayo mpaka leo, ingawa alifariki mwaka 1950. Maisha yake yaliandikwa na Shaaban Robert. Lakini picha zake zinazojulikana ni chache mno kwa mtu wa hadhi yake. Namna watu walivyokusanyika kumsikiliza, nani alikaa upande gani, udi ulishikwa vipi na mavazi yalikuwaje, mambo hayo tunayapata katika masimulizi na maandishi zaidi kuliko katika picha. Hatuwezi kuwalaumu watu wa zama zile. Kamera ilikuwa kitu adimu, na kupiga picha usiku kulikuwa kazi ngumu mno.

Sasa tumtazame Fatuma binti Baraka, yaani Bi Kidude, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013. Mwaka wake wa kuzaliwa haujulikani kwa yakini, kwa kuwa hapakuwa na aliyeuandika. Hata hivyo katika uzee wake alipata kupigwa picha kuliko pengine msanii mwingine yeyote wa Visiwa hivi. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX, na mwaka 2006 ikatoka filamu juu ya maisha yake. Kila aliyekuja na kamera alitaka kuondoka na uso ule, ngoma ile na sigara ile. Lakini kuondoka ndiko tunakokusema. Picha nyingi za namna hiyo ziliondoka pamoja na waliozipiga. Mwanafunzi wa skuli ya Makunduchi au ya Wete akitaka kuandika juu ya Bi Kidude, atazipata wapi picha za kikongwe huyo ambazo kwa chini zimeandikwa ni lini, ni wapi na ni nani waliokuwa wakimpigia ngoma?

Hapo ndipo tunapoona kwamba zama za Siti na zama zetu, kwa namna mbili tofauti, zinaweza kufikia hasara moja. Wao walikosa picha. Sisi tunazo kwa maelfu, lakini hazina makazi.

JINA CHINI YA PICHA

Picha isiyo na jina ni nusu ya picha. Majina ya wenzake Siti, akina Subeti bin Ambari, Buda bin Mwendo, Mbaruku Effandi na Maalim Shaabani, tunayajua kwa sababu yaliandikwa. Lau yasingeandikwa wangekuwa leo ni watu wanne wasiojulikana waliokaa nyuma ya mwanamke mashuhuri. Hiyo ndiyo hali inayowangoja wapiga dumbaki, wapiga akodioni na wapiga dabulbesi wa zama zetu. Mwimbaji anajulikana. Wanaomshikilia wimbo hawajulikani, na kwa msanii anayejitegemea kutojulikana ni njaa.

Maelezo ya picha hayahitaji fasaha. Yanahitaji mambo sita: tarehe, mahali, jina la kila anayeonekana tukianzia kushoto, ala anayoipiga, wimbo au filamu iliyokuwa ikionyeshwa, na jina la mpiga picha. Mambo hayo huandikwa kwa dakika tatu usiku ule ule, na baada ya miaka 30 hayapatikani kwa gharama yoyote. Kwa filamu fupi liongezwe jina la mwongozaji na la aliyeshika kamera, kwani mara nyingi filamu hizo huonyeshwa mara moja au mbili tu kabla ya kupotea ndani ya diski ya mtu mmoja.

Liko pia suali la haki. Sheria ya Hakimiliki ya Zanzibar imekuwapo tangu mwaka 2003, na picha nayo ni kazi ya mikono na akili kama ulivyo wimbo. Lakini mara ngapi tumeona picha ya mpiga ngoma wetu katika tangazo la biashara, naye mwenyewe hana habari, na aliyeipiga hajalipwa wala hajatajwa? Mwenye kufanya hivyo pengine hana nia mbaya. Ameikuta picha haina jina, akadhani haina mwenyewe.

UNYEVU, KUVU NA KOMPYUTA

Hata picha zilizobaki hapa nchini zina adui. Hewa yetu ni ya chumvi na unyevu. Negativu iliyofungiwa ndani ya sanduku la bati katika nyumba ya mawe huota kuvu. Karatasi zilizopangwa pamoja hugandana katika masika. Na lenzi isiyofutwa baada ya usiku wa Forodhani hufanya ukungu ndani yake. Wako wazee wenye masanduku kama hayo chini ya vitanda, na watoto wao hawajui kilichomo.

Wengine hudhani kwamba kamera za siku hizi zimelimaliza tatizo hilo kwa kuwa hazina filamu. Kwa kweli zimelibadilisha tu. Negativu iliyoota kuvu bado unaweza kuitazama mbele ya dirisha ukaona kitu. Diski iliyoharibika haionyeshi kitu chochote. Simu ikizama baharini katika safari ya Pemba, imezama na picha zote. Mafundi wa kuhifadhi kumbukumbu hushauri kwamba kila kitu chenye thamani kiwe na nakala tatu, na moja kati ya hizo ikae mbali na nyenzake. Ni shauri jepesi, na si wapiga picha wengi wanaojilipia gharama wenyewe wenye uwezo wa kulitimiza.

TUNAYOYAPENDEKEZA

Hatuna budi basi kutoka katika maneno tukaingia katika vitendo, nasi tunatoa mapendekezo matano yasiyohitaji fedha nyingi.

Kwanza, kila usiku wa maonyesho ya hadhara, waandaaji wampe nafasi na kitambulisho angalau mpiga picha mmoja mwenyeji, kwa sharti moja tu: ndani ya siku 30 akabidhi picha 20 alizozichagua, zikiwa na maelezo kamili. Nafasi hizo wapewe wanawake pia, kwani yako maonyesho ambayo mwanamume mwenye kamera hana adabu ya kuyaingia.

Pili, Nyaraka za Taifa pale Kilimani zipokee picha hizo na kuziandikisha katika daftari. Nyumba hiyo inatunza karatasi za wasultani na makonsuli. Haitapungukiwa heshima kwa kutunza pia picha za wapiga sanduku wa kidumbak. Tunachokiomba ni kabati moja, kompyuta moja na karani mmoja anayeipenda kazi.

Tatu, haki ibaki kwa aliyepiga. Kuweka picha katika Nyaraka kusiwe ni kuipoteza. Mwanafunzi na mtafiti waione bure. Mfanyabiashara anayeitaka kwa tangazo amlipe mpiga picha na apate ridhaa ya msanii. Na msanii mwenyewe apewe picha tano bila ya malipo, azitumie kujitafutia riziki.

Nne, Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni lisiishie kuiangalia filamu kabla ya kuonyeshwa. Lisaidie pia kuandaa mafunzo ya jioni kwa vijana wa kamera, na mafunzo hayo yasiishie mjini Unguja. Kisiwa cha Pemba kina msewe, kina michezo ya ng'ombe, kina vijana wanaotengeneza filamu, lakini mwenye kuitafuta Pemba katika picha za sanaa ya Visiwa hivi huona kama kwamba bahari inaishia Nungwi.

Tano, na hili ndilo tunalolitia mkazo zaidi kuliko yote, paitishwe mabaraza ya kutambua picha. Wakusanywe wazee wa vikundi vya taarab na wa ngoma, wapewe kahawa na halua, na mbele yao zitandazwe picha za zamani zisizo na majina: kutoka studio, kutoka magazeti, kutoka masanduku ya chini ya vitanda. Kijana mmoja akae na kalamu. Mzee atakaposema kwamba huyu mwenye fidla ni fulani wa Kikwajuni, na yule aliyeinama ni mdogo wake aliyehamia Muscat, kijana aandike. Hiyo ni kazi ambayo mashine yoyote, hata iwe ya bei gani, haiwezi kuifanya badala ya mzee. Na kazi hiyo haingoji bajeti ya mwaka ujao. Kila mwezi tunasikia tangazo la kifo cha mpiga ala mmoja, na anapozikwa huondoka na majina ya watu waliomo katika picha zote alizowahi kukaa ndani yake.

Wananchi nao wana sehemu yao. Mwenye sanduku alifungue, alianike mahali penye hewa, na awaulize wakubwa wa nyumba hiyo kabla ya kulifunga tena. Mwenye simu yenye picha za usiku wa Ngome na aandike leo hii majina anayoyajua, kwani kesho atayasahau.

Tunamaliza kwa kuwakumbusha viongozi wetu kwamba Mji Mkongwe uliandikishwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 2000, na kwa ajili hiyo kila jiwe la mji huo lina kanuni yake. Kuta za Ngome Kongwe zimepimwa, zimechorwa na zimeandikwa. Watu waliozifanya kuta hizo ziitikie nyimbo bado hawajaandikwa. Daftari si ghali. Na majina mengi bado yamo katika vinywa vya walio hai.